Mafundi wa Mshipa

Tangu nianze kuuza dawa kwenye minada, kutoka Mashewa mpaka Kwedizinga, sijamdanganya mtu hata mmoja. Wenzangu waliuza dawa ya kumrudisha mume, dawa ya kufaulu mtihani, na dawa ya jino ambayo ikifika jioni inakuwa dawa ya panya. Mimi niliuza sayansi. Aliyetaka kunipinga ilibidi kwanza afike kidato cha nne kama mimi, ndipo tuongee.

Bahati mbaya alikuwepo mmoja aliyefika kidato cha nne, tena kwa kukaa dawati moja na mimi.

Lakini nianze na dawa yenyewe. Ilikuwa miaka ile kila kitu kinabinafsishwa. Mashamba ya mkonge yalishapata wenyewe, benki ilishapata mwenyewe, simu za mkononi zimefika Korogwe na watu wazima wanapanda kichuguu kutafuta mtandao. Nikaona nisibaki nyuma, nikaubinafsisha ukweli. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la dawa baridi la Mzee Mhina pale Manundu: panadoli, dawa ya minyoo, pamba, spiriti, basi. Siku moja wakaja watu wa virutubisho kutoka mjini, wamevaa tai katika lile joto, wakatukusanya ukumbini kwa semina ya siku mbili na soda ya bure.

Mwalimu wa semina alichora mfupa ubaoni. Ndani ya mfupa, akasema, kwenye uboho, yale mafuta unayoyagonga kwenye sahani ukimaliza supu, ndimo damu inamozaliwa. Humo kuna seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Yeye aliziita seli mama. Mshipa wa damu ukichubuka kwa ndani, baadhi ya watoto wa seli hizo wanasikia wito, wanatoka mfupani, wanasafiri ndani ya damu na kwenda kusaidia kuziba palipochubuka, hata kuanzisha vijishipa vipya. Akasema wataalamu wamelijua hilo juzijuzi tu. Nilisikiliza mdomo wazi, na sikioni mwangu lile neno "seli" likageuka lenyewe kuwa "fundi." Mpaka hapo ni kweli tupu, hata leo naweza kuapa.

Halafu akainua kopo la vidonge vya kijani, akasema hivi ndivyo vinavyowaamsha. Hapo sikumwuliza kitu. Kopo lilikuwa zuri mno.

Mwezi uliofuata nikapanda lori la mnada mpaka Kwedizinga, mimi, kipaza sauti na katoni ya makopo. Mnada wenyewe mnaujua: ng'ombe upande wa juu, mitumba upande wa chini, katikati moshi wa nyama. Wauza dawa tulikuwa wanne. Kufika saa nne asubuhi watatu walikuwa wananisikiliza mimi.

"Wamasai!" nikaita. "Nyie ndio maprofesa wa jambo hili, mimi nimekuja tu kuwakumbusha. Ng'ombe mnamfunga kamba shingoni, au naongopa?"

"Tunafunga!"

"Mshipa unavimba kama bomba la Hale linalozungusha mitambo ya umeme. Mnapiga mshale. Damu inarukia kibuyuni. Ikitosha mnafungua kamba, mnabana kwa vidole, mnapaka kinyesi kidogo. Ng'ombe anafanya nini?"

"Anaenda zake kula majani!"

"Na baada ya mwezi?"

"Tunampiga tena!"

"Palepale?"

"Palepale!"

"Sasa niambieni, nani alimshona? Kuna ng'ombe aliyelazwa? Kuna ng'ombe aliyewekewa dripu?"

Wakacheka mpaka vijana wenye mikuki wakaegemeana. Nikashusha sauti kidogo, maana sayansi ukiipigia kelele inakimbia. "Ni mafundi, wazee wangu. Mafundi wanaishi ndani ya mfupa, kwenye uboho. Mshipa ukitoboka wanatoka na sepeto zao, wanaziba, wanarudi kulala. Na binadamu anao hao hao. Ila wa binadamu wavivu. Wanataka kuamshwa." Nikatikisa kopo.

Ndipo watu wakampisha mzee mmoja mrefu, shuka nyekundu, mguu mmoja kavaa katambuga, mwingine umeviringishwa kitambaa na kufungwa mfuko wa plastiki. Alikuwa Mzee Lomayani. Nilimjua kwa sura, kwa sababu alikuwa akija shuleni kumleta binti yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaketi juu ya gunia bila kukaribishwa, akafungua mfuko, akafungua kitambaa. Kidole cha pili kilikuwa cheusi kama mkaa. Kisafi, kimeoshwa vizuri, lakini mkaa. "Daktari wa Korogwe anasema ni sukari. Anasema niende Jumatatu akikate. Mimi nimetoboa mishipa ya ng'ombe tangu sijaota ndevu. Haya unayosema nimeyaona kwa macho. Mbona yeye hakuyasema?"

"Mzee wangu," nikasema kwenye kipaza sauti ili wote wafaidi, "ukimpelekea kinyozi kichwa, atakuambia nywele zako nzuri, nenda nazo nyumbani?"

Kicheko kikafika mpaka kwa wachoma nyama.

"Ng'ombe hana sukari."

Sauti ilitoka nyuma ya mzee. Sikuhitaji kuangalia. Naisiae, binti yake. Kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne tulifanya mitihani minane ya mwisho wa muhula, na katika Baiolojia alikuwa wa kwanza mara nane, mimi wa pili mara nane. Alichaguliwa kidato cha tano. Hakwenda, kwa sababu ya mguu huo huo uliokuwa umetandazwa mbele yangu. Ndiye aliyeuosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mimi sikuchaguliwa popote, na sababu sikuwa na haja ya kuitafuta, iliandikwa kwenye matokeo.

"Rudia, dada, watu hawajasikia," nikamwambia.

"Nimesema ng'ombe hana sukari. Hao mafundi wako ni kweli wapo, daktari alinieleza. Lakini sukari ikikaa kwenye damu miaka mingi wanapungua, na wanaobaki wanakuwa dhaifu. Fundi mwenyewe mgonjwa, Semboja. Na hicho kidole kimeshakufa, damu haifiki. Unamtuma fundi kwenye nyumba ambayo njia yake imezibwa, apite wapi?"

Mtu aliyebanwa ana njia mbili, kunyamaza au kuchekesha. Kunyamaza sijawahi kukuweza.

"Jamani mnamwona huyu!" nikasema. "Bwenini alikuwa anaficha kibuyu cha maziwa sandukuni. Maziwa yakaganda, yakavunda, matroni akaita watu wapekue dari, akidhani kuna paka amekufia juu. Wiki nzima wasichana wanalala nje ya mlango! Leo ndiye anatufundisha kitu kilichooza kinafananaje!"

Wakaangua kicheko. Na katika kile kicheko nikamsikia Mzee Lomayani mwenyewe anacheka, na kaka yake Naisiae, Keriako, jitu la kimya lenye masikio marefu, anacheka pia. Naisiae hakucheka. Aliinama akaanza kumfunga baba yake kitambaa.

Baadaye kidogo, nimekaa nyuma ya zizi la mbuzi nakula nyama, akaja peke yake.

"Kaka Semboja." Shuleni aliniita majina mengi, kaka halikuwamo. "Nakuomba. Jumatatu ni kidole kimoja tu. Wakichelewa ni mguu. Baba hanisikii, mimi mtoto wa kike, lakini wewe atakusikia. Mwambie tu dawa yako inafanya kazi vizuri baada ya kukatwa. Basi. Uza makopo yako yote, sitasema neno."

Hebu fikirieni. Sikuombwa kukiri kitu. Sikuombwa kupoteza kitu. Niliombwa sentensi moja.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini na wewe nipe yangu."

"Ipi?"

"Panda pale kwenye kreti ninaposimama kuuza. Chukua kipaza sauti. Sema Semboja ni mkali wa Baiolojia kuliko wewe."

Alinitazama kama anatafuta mahali utani unapoishia. Hakupaona. Akachukua kipaza sauti, akapanda.

"Semboja ni mkali wa Baiolojia kuliko mimi."

"Hawajasikia huko kwenye ng'ombe!"

"Semboja ni mkali kuliko mimi! Anajua kuliko mimi!"

"Na shikamoo je?"

"Shikamoo, mwalimu Semboja."

"Marahaba, mwanangu! Kaa chini, nitakusahihishia!"

Siku ile niliuza mpaka katoni ikabaki boksi tupu. Watu walipiga miluzi. Yeye aliteremka, akanirudishia kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akasema, "Nenda sasa. Yuko pale kwenye kivuli cha lori."

Nilienda. Nilikuwa na nia, wallahi. Nilikuwa nimeshaipanga ile sentensi mdomoni. Lakini mzee alinitangulia.

"Nimemsikia," akasema. "Binti yangu hasemi uongo, tangu mdogo. Kama amekiri mbele ya watu kwamba wewe unajua kuliko yeye, basi unajua. Jumatatu siendi."

Naisiae alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, akiingoja ile sentensi yangu. Na pale kando walikuwa wazee wengine watano, wamefungia makopo yangu kwenye shuka zao, wananitazama jinsi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kunitazama tangu nizaliwe. Baba yangu hakuwahi. Ningesema nini, kwamba kinyozi alikuwa sahihi?

"Umeamua vizuri mzee," nikasema. "Ila hii dawa inataka mahali tulivu. Nenda orpul."

Orpul ni kambi ya Wamasai ya kula nyama porini. Wanaume wanachinja, wanakaa wiki kadhaa wanakunywa supu yenye magome machungu, wanagonga mifupa na kula uboho mpaka mtu aliyedhoofika anarudi na shingo nene. Mwanamke haruhusiwi kuisogelea, kwani hatakiwi kuiona ile nyama. Hilo nililijua vizuri sana nilipolisema.

"Uboho wa ng'ombe utaamsha uboho wako," nikaongeza. "Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni."

Mzee akanipiga begani. Keriako akachukua makopo matatu.

Naisiae akasema, "Baba, huko nani atakuosha?"

"Mwanangu," mzee akamjibu, "kwani ng'ombe huoshwa na nani?"

Wakacheka tena. Wakati huu mimi sikuchekesha, nilifaidi tu.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kuwatembelea huko kambini. Nilikuwa na lori la kupakia mkaa maeneo yale, nikasema nipitie, na kopo jingine mkononi kama zawadi. Nilitembea kama saa moja na nusu kwenye vichaka vya miiba mpaka nikauona moshi. Walikuwa watu watatu: mzee, Keriako, na mzee mwenzao mmoja ambaye alilala muda wote. Mzee Lomayani alikuwa ameegemea mti, uso umenona kidogo, macho yanang'aa mno, midomo imekauka.

"Daktari mdogo!" akasema. "Karibu. Mafundi wanafanya kazi. Usiku nasikia joto mguu mzima."

"Ndio wenyewe hao," nikamwambia. "Fundi akifanya kazi anatoa jasho."

Mguu ulikuwa umefungwa. Sikuuona. Ulikuwa umefunikwa shuka mpaka gotini, na mimi si mtu wa kufunua shuka za watu. Harufu ilikuwepo, lakini mahali pametundikwa nyama siku ishirini harufu itakosekanaje? Nikala kidogo, nikaaga, nikaondoka. Hayo ndiyo yaliyotokea huko, hakuna la zaidi.

Siku kumi baadaye nilikuwa dukani Manundu, napanga boksi za sabuni, Naisiae akaingia. Viatu vyake vilikuwa vumbi tupu. Nikatafuta neno la kuchekesha, likanikwama, kwa sababu hakuwa na uso wa kuchekeshwa.

"Yuko hospitali," akasema. "Tangu juzi. Mzee mwenzao aliamka akasema harufu ile si ya nyama, ndipo wakambeba."

"Pole. Wamekata kidole?"

"Kidole kilidondoka chenyewe porini." Alisema kama anasoma ubaoni. "Weusi umefika juu ya kifundo. Daktari anataka kukata juu ya goti, leo. Baba hataki kuweka dole gumba kwenye fomu. Anasema mafundi wako njiani, mtu asiwafukuze. Anasema atamsikiliza Semboja peke yake."

Mzee Mhina alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye gazeti lake.

"Mimi nina kazi hapa," nikasema.

"Nenda na huyo binti," Mzee Mhina akasema. "Kama kuna mguu, nenda."

Njiani alitangulia mbele. Mimi niliongea tu, si mnanijua. Nilimweleza kwamba dawa yoyote inahitaji ushirikiano wa mgonjwa, na kwamba pengine hakumeza inavyotakiwa. Tulipofika kwenye lango la hospitali aligeuka mara moja.

"Sitaki unisafishe mimi," akasema. "Mwambie ulidanganya. Neno moja. Ukimwambia hivyo ataweka dole."

Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu, vitanda vimebanana, na kitanda chake kilikuwa dirishani kwa sababu wagonjwa wengine waliomba hivyo. Kwenye mguu walikuwa wamemwekea upinde wa chuma ili blanketi lisiuguse. Daktari alikuwa amesimama na fomu, kando yake muuguzi, Sista Yuditha, ameshika kidau cha wino. Keriako alikuwa amechuchumaa ukutani. Mzee Lomayani alikuwa amekonda usoni mpaka masikio yalionekana makubwa zaidi. Aliponiona alitabasamu. Hilo tabasamu nisingelipewa ningeshukuru.

"Daktari mdogo amekuja. Waambie hawa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Waambie."

Daktari akanivuta pembeni hatua mbili, ambazo katika wodi ile si pembeni. "Kijana, huyu mzee asipokatwa leo hafiki Ijumaa. Damu yake imeanza kuingia sumu. Sijui ulimwambia nini, na sasa hivi sina muda wa kujua. Mwambie akubali."

Nikarudi kitandani. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, kama mnada. Nikafanya ninachokiweza.

"Mzee wangu," nikasema, "mafundi wamefanya kazi kubwa. Lakini nyumba imekuwa kubwa kuliko wao. Wameomba wapunguziwe eneo. Huku chini wapaache, wajenge huku juu, kwenye goti."

Jamaa wa kitanda cha tatu alicheka kidogo, akaacha.

Mzee akafikiri. "Mafundi wangu wamefika wapi?"

"Gotini."

"Basi kama wamefika gotini, kesho watafika chini. Daktari, subiri kesho."

"Semboja," Naisiae akaita kwa sauti ya chini.

"Unangoja nini sasa?" daktari akauliza. "Mwambie wazi!"

Macho yote kwangu. Jamani, kukiri si kazi ndogo. Ningesema nilidanganya, habari ingefika Kwedizinga kabla ya lori. Nikatafuta njia ya katikati. Njia ya katikati ipo siku zote kwa mtu mwenye akili.

"Mzee," nikasema, "nisikilize. Mimi nilikupa dawa kwa ajili ya kidole. Kidole tu. Huo mguu mimi sikuuona. Nilipokuja orpul ulikuwa umefungwa. Ningeuona siku ile, ningekuwa wa kwanza kusema ukatwe. Walioishi na wewe ndio waliouona na wakanyamaza. Mimi nitajuaje kitu kilicho ndani ya shuka?"

Nilifurahi nilivyoipanga. Nikamwona mzee anaugeuza uso polepole kuelekea ukutani, kwa mwanawe.

Keriako akainuka. Kiswahili chake ni cha kuuzia mbuzi, kwa hiyo alisema Kimasai, anamwangalia baba yake, taratibu, akisimama kila baada ya maneno machache ili dada yake amfasirie daktari. Naisiae akafasiri. Hakuongeza kitu, hakupunguza, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Ilikuwa kama yuko tena kwenye kreti.

"Anasema siku ile baba alipomaliza kuongea alisinzia. Anasema Semboja aliuliza mguu ukoje, na yeye akamjibu kwamba unamtia hofu. Anasema Semboja alifungua shuka mwenyewe."

"Si kweli," nikasema.

"Anasema weusi ulikuwa umepita vidole, umefika katikati ya unyayo. Kulikuwa na funza. Semboja alichukua kijiti, akakichomeka kwenye kidonda aone kama baba atashtuka. Baba hakushtuka. Semboja akasema, huyu hata nyoka akimgonga mguu huu, atakayeumia ni nyoka."

Sista Yuditha aliweka kidau cha wino juu ya kabati, taratibu sana.

"Anasema Semboja alicheka. Anasema..." Hapo ndipo Naisiae alipokwama, akamwangalia kaka yake, naye akatikisa kichwa kwamba aendelee. "Anasema na yeye alicheka. Kisha akamwuliza Semboja, tumpeleke hospitali? Semboja akasema hapana, huo weusi ni taka za mafundi, zinatoka. Akasema usimwambie dada yako, atakuja na sukari zake kutuharibia. Wakafunga mguu kama ulivyokuwa."

Mzee Lomayani hakuniangalia. Alimwuliza Keriako kitu kimoja kwa Kimasai, kifupi. Keriako akajibu kwa kuinamisha kichwa. Mzee akatoa mkono wa kulia chini ya blanketi, akanyoosha dole gumba hewani, bila kusema linataka nini.

Sista Yuditha akachukua wino. Daktari akashika fomu. Dole likapakwa, likawekwa, likafutwa kwa pamba. Daktari akamwambia Sista awaite wa kitanda cha magurudumu, na kwamba kama wangechelewa mpaka jioni kusingekuwa hata na haja ya kuwaita.

Yote yalikuwa yamekwisha, mnaona. Alichotaka Naisiae alikipata. Ningetoka kimya wakati ule, ningeondoka mtu aliyekosea tu. Lakini watu wa wodi nzima walikuwa wananiangalia, na sikuweza kuuacha ukumbi katika hali ile.

"Angalau amekubali," nikasema. "Ila Keriako amechanganya siku. Huyo aliyeshika kijiti atakuwa yule mzee mwenzao. Mimi mambo ya vidonda siyawezi, jamani, hata dukani mwenye kidonda namwelekeza kwa Mzee Mhina. Ningeona funza kule, hata chakula kisingenipita."

Keriako aliniangalia kwa mara ya kwanza. Hakusubiri kufasiriwa. Akatafuta maneno kwenye kile Kiswahili chake cha mbuzi, akayapata moja moja.

"Kijiti ulitupa motoni," akasema. "Mkono ukapangusa kwa shuka ya baba. Ukaomba figo. Nilikukatia. Ukala yote."